Daftari Tupu la Iringa

Karatasi iliyotengenezwa kwa mkono mjini Iringa haikubali kila kalamu. Wino wa majimaji ukiigusa hutambaa kama maji juu ya mchanga; kalamu ya risasi hurukaruka juu ya nyuzi; na ule mwandiko mdogo wa karani, upendezao sana katika daftari la mistari, humo hupotea. Sababu yake si siri. Karatasi hiyo imefanywa kwa kinyesi cha tembo. Tembo ni mlaji mkubwa, lakini tumbo lake si sagaji hodari: karibu nusu ya chakula alacho hutoka bila kumeng'enywa, na nyuzi za majani na magome zingali nzima. Nyuzi hizo huoshwa, huchemshwa kwa saa nyingi, hupondwa, huchanganywa na karatasi kuukuu iliyolowekwa, kisha huchotwa kwa fremu yenye wavu na kuanikwa. Karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa Iringa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza kwa kazi hii mikononi mwa vijana watatu viziwi, na baadaye watu wengi wenye ulemavu walijipatia humo ufundi na riziki.

Vitabu vitupu vilivyoshonwa kwa karatasi ya namna hii vimenunuliwa aghalabu na wageni, hasa wale waendao au watokao katika hifadhi ya Ruaha. Hununuliwa vitupu, huondoka vitupu, na hujazwa mbali, kama hujazwa kabisa. Iringa imefinyanga chungu, mapishi yanafanyika kwa wengine. Hapana ubaya katika biashara hiyo. Walakini mhakiki wa sanaa hana budi kuuliza daftari hili lingekuwa nini lau lingejazwa palepale lilipozaliwa, kwa rangi, gundi, picha, nguo na maneno, na mtu asiyekusudia kuliuza.

Kazi hiyo huitwa mchezo, na neno hilo huwatia wasomi wengi mashaka. Daftari ambalo mwanafunzi wa nchi hii analijua tangu utoto ni mahali pa kunakili ubao na kungojea wino mwekundu. Usafi wake ni sifa. Doa lake ni kosa. Kuchora pembeni ni utundu, na kubandika kitu ni kuharibu mali ya mzazi. Lakini atazamaye watoto wakicheza ataona kuwa mchezo una sheria kali kuliko kazi: avunjaye sheria hutolewa mara moja, wala hapana rufani. Daftari la sanaa nalo lina sheria yake, nayo ni moja tu. Kitu kinachobandikwa lazima kikibadili kile kilichokuwapo kabla yake. Tiketi ya basi ikiwekwa karibu na sura ya mama, na sura ile isibadilike machoni pa mtazamaji, tiketi hiyo ni takataka iliyopata gundi.

Katika Afrika Mashariki mfano ujulikanao zaidi wa sanaa hii ni madaftari ya Dan Eldon. Alizaliwa London mwaka 1970, akaletwa Nairobi na wazazi wake angali mtoto, na tangu ujana wake wa shule alijaza madaftari 17 kwa picha, ramani, mabaki ya karatasi, rangi na mwandiko, hata vitabu vikafura visifungike vizuri. Mwaka 1990 aliongoza vijana wenzake kwa magari kutoka Nairobi hadi Malawi kuwapelekea msaada wakimbizi wa Msumbiji, na safari hiyo nayo ikaingia katika kurasa. Tarehe 12 Julai 1993, akiwa mpiga picha wa shirika la Reuters, aliuawa Mogadishu na umati uliojaa hasira baada ya helikopta za Marekani kuishambulia nyumba moja mjini humo. Waliuawa pamoja naye Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya, na Hansi Krauss, Mjerumani. Kati ya wanne hao, Eldon ndiye atajwaye zaidi na wapenda madaftari, kwa kuwa kurasa zake zilichapishwa mwaka 1997 huko San Francisco, kwa jina la The Journey Is the Destination.

Kitabu hicho kinastahili kusomwa kwa heshima, na pia kwa ukali. Nguvu yake ni ujasiri wa mkono. Eldon haogopi kufunika picha nzuri kwa rangi, wala kukata ramani ili njia ielekee atakako yeye. Udhaifu wake ni wingi. Palipo na kila kitu hapana kimoja kinenacho kwa sauti, na mara nyingine sura za watu wa Afrika Mashariki zimewekwa miongoni mwa vifaa, sawa na stempu na noti, zipendeze bila kujibu. Kisha kuna hasara isiyokuwa kosa lake: mtambo wa chapa umeulaza ukurasa. Kile kilichokuwa mwinuko wa gundi na makunyanzi kimekuwa kivuli tu juu ya karatasi laini. Msomaji wa kitabu hicho anatazama picha ya daftari, hashiki daftari.

Wapo watakaosema kuwa sanaa hii basi ni ya wageni, na kwamba Mswahili ni mtu wa maneno. Kanga inawajibu. Ina pindo, ina mji, ina jina. Rangi, picha na maneno vyote katika kitambaa kimoja, na aliyekulia nayo anajua kuwa jina halikuwekwa kuieleza picha. Maua ya mjini hutabasamu huku jina likimchoma jirani. Ugomvi huo wa jicho na sikio ndio uhai wa vazi lenyewe, na kurasa nyingi za madaftari ya kisasa, pamoja na baadhi ya zile za Eldon, zingefaidika kujifunza humo. Lamu nayo ilimtoa Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, mtu mmoja aliyekuwa mshairi, mchonga milango, mwanamuziki na mwandishi hodari wa hati za Kiarabu. Aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi za kale, akizitia mapambo na wino wa rangi ambavyo wenye kutaka maneno peke yake hawakuvihitaji. Hapo mchezo uliingia ndani ya kazi ya ujira. Lakini hati zake nyingi zimelala katika maktaba za London na Ujerumani, na mtoto wa Lamu atakaye kuziona kwa macho yake sharti avuke bahari.

Ndiyo maana habari ya daftari tupu ina uzito kwa mahali kama Kihesa, kata iliyo kwenye barabara ya Dodoma, yenye soko lake na wanafunzi wengi wa vyuo waliopanga vyumba. Vifaa vimejaa. Vipande vya kitenge huanguka chini ya cherehani za mafundi. Udongo mwekundu ukichanganywa na gundi hushika kama rangi. Masizi ya jiko hutoa weusi usiofifia. Maganda ya mahindi hulainika yakilowekwa. Milulu isukiwayo vikapu hukatwa na kushonewa ukurasani. Na gazeti lililofunga maandazi huja na habari zake na mafuta yake. Lakini hapa pana mtego. Milulu ikibandikwa ili kutangaza Uhehe mbele ya mgeni, daftari limerudi dukani kabla halijatoka nyumbani. Ikibandikwa kwa sababu ukurasa huo unamhusu mwanamke fulani aliyesuka hata vidole vikakakamaa, basi haihitaji kutangaza lolote.

Mtego wa pili ni bei. Karatasi ya mkono ni ghali kwa mwanafunzi, na aogopaye kuharibu hachezi. Afadhali daftari la kawaida la shule, lililovuliwa jalada na kushonwa upya, kuliko kitabu kizuri kinachotunzwa sandukuni kwa ajili ya wazo kubwa lisilokuja. Na weupe wa ukurasa wa kwanza hutiisha. Mkono wenye akili huupaka udongo kwanza, ukakauka vibaya, ndipo kazi ianze.

Gundi iliyo rahisi kuliko zote ni uji mzito wa unga wa ngano, ule watoto wabandikao tiara zao. Katika miezi ya mvua ya Iringa, kuanzia Desemba hadi Aprili, ukurasa uliopakwa uji huchukua siku kadhaa kukauka, na mende na panya huujua mapema kuliko wasomaji. Ukurasa ulioliwa pembe hupata kipande kingine cha kitenge palepale palipotoboka, na mshono wake huachwa uonekane.