Tumbo Chini, Mbele

Katika mafunzo ya utii, amri nyingi anazofundishwa mbwa huelekea upande mmoja. "Kaa", "lala" na "subiri" zinamtaka atulie; "njoo" na "twende" zinamtaka asogee. Amri ya kutambaa inamdai yote mawili kwa wakati mmoja: asonge mbele, na tumbo lisiachane na ardhi. Wengi wakimwona mbwa anajikokota kwa viwiko kiwanjani hudhani ni sarakasi ya kufurahisha watoto. Mimi naona hakuna somo linalofichua haraka zaidi kama mwalimu amefundisha kweli au amelazimisha tu, na ufundi wa kulifundisha unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Tazama linavyofundishwa. Mbwa analazwa kwanza, viwiko chini, nyonga zimetulia. Mwalimu anapiga magoti kando yake, amefumbata kipande cha nyama, mkono umegusa majani mbele ya pua. Kisha anauvuta mkono ule polepole, upana wa kiganja hivi. Akiuvuta haraka, mbwa anainuka kuufuata. Akiunyanyua hata kidogo, kichwa kinapanda na makalio yanapanda nacho. Akiuacha karibu mno, mbwa ananyoosha shingo na kulamba vidole bila kusogeza hata ukucha. Katikati ya makosa hayo kuna nafasi finyu, na humo ndimo mguu mmoja wa mbele unaponyooka, kiwiko kikashika ardhi, mwili ukafuata. Papo hapo kiganja kinafunguka. Hatua moja imelipwa. Baadaye zitalipwa mbili kwa pamoja, kisha tano, na mkono mtupu utachukua nafasi ya mkono wenye nyama, mpaka neno peke yake litoshe. Wapo wanaompitisha mbwa chini ya kiti au chini ya ufito, na ufito husaidia. Ila mbwa aliyejifunza kwa ufito pekee husimama mara unapoondolewa, kwa sababu alichokuwa akikitii ni ufito.

Anachojifunza mbwa hapo ni kujizuia huku akiwa mwendoni. Kujizuia akiwa amelala tuli ni rahisi kwa kiasi fulani, maana mwili mzima umeshakubali kupumzika. Akianza kusogea hamu inaamka, miguu inataka kusimama na kukimbia, na kila hatua inamlazimu achague upya kubaki chini. Wawindaji waliuthamini uwezo huu kabla bunduki hazijaenea mashambani. Mwaka 1570 daktari Mwingereza John Caius alichapisha kitabu cha Kilatini kuhusu mbwa wa Uingereza, na humo akamweleza mbwa wa kuwindia ndege ambaye, akishawanusa, hunyamaza, hulaza tumbo chini na kutambaa kuwaelekea, ili mwindaji atandaze wavu juu yao. Mbwa wa aina hiyo akisimama ghafla, ndege wameruka na wavu hauna kazi. Nyumba nzima ingelala bila kitoweo kwa sababu ya mbwa mmoja aliyeshindwa kuvumilia hatua mbili za mwisho.

Leo wavu umekwisha, lakini kifusi kipo. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliporomosha jengo jirani la Ufundi, na waokoaji waliotoka Israel walikuja na mbwa wao. Ndani ya jengo lililolaliana, njia ni mwanya kati ya zege na zege, chini kuna vioo, juu kuna nondo. Mbwa wa kazi hiyo kwa kawaida huvuliwa hata ukanda wa shingo usije ukanasa, kisha huingia peke yake, mwalimu akimwongoza kwa sauti kutoka nje. Akiinua mgongo anaweza kujichoma, au kutikisa kile kinachoshikilia dari. Ndiyo maana mafunzo ya mbwa wa uokoaji humpitisha kwenye mahandaki membamba, na anayefika hapo akiwa tayari anajua kutambaa kwa amri amepunguziwa jambo moja la kuogopa.

Mtu atauliza kwa nini tusitume mashine au mnyama mdogo zaidi. Swali ni la haki, na jibu moja linaandaliwa Morogoro, ambako shirika la APOPO, lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, linawafundisha panya buku kuingia kwenye mianya ya vifusi wakiwa wamebeba vifuko vyenye kamera. Nawatakia heri. Hata hivyo panya anahitaji kupelekwa karibu na pa kutafuta, ilhali mbwa huzunguka rundo zima, akachagua mwenyewe tundu lenye harufu ya binadamu aliye hai, kisha akabweka. Kazi hizi zinasaidiana.

Wapo pia wanaohofia viungo, na hapo nakubaliana nao. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, na kutambaa kunayabana mabega na viwiko. Watoto wa mbwa wa aina kubwa wasubiri wakomae, wenye maumivu ya viwiko wasamehewe kabisa, na wengine wafanye hatua chache kwenye majani, kamwe si kwenye saruji.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tunamdhalilisha mnyama, maana mbwa aliyepigwa hutambaa vilevile akijisogeza kwa bwana wake. Ni kweli, umbo linafanana kwa mbali. Sogea karibu utaona tofauti. Anayetambaa kwa hofu amebana mkia, amelaza masikio, analamba midomo bila chakula, na macho yake yanaukwepa uso wa mtu. Aliyefundishwa vizuri ana mkia uliolegea au unaofagia vumbi, na macho yake yameganda kwenye mkono. Mwalimu akiziona dalili za kwanza aache papo hapo, amsimamishe mbwa, amchezeshe, na kesho aanze tena kwa hatua moja.