Mswada Mkongwe na Mswada Mwaminifu

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuamini kwamba nakala iliyo kongwe kuliko zote ndiyo iliyo sahihi kuliko zote. Historia ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyotungwa Italia katika karne ya 6 ili kuongoza maisha ya watawa, yatuonya tusiharakishe.

Mswada mkongwe wa Kanuni hiyo uliosalia, uitwao Hatton 48, umehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Uliandikwa Uingereza yapata mwaka 700. Mswada wa pili, namba 914 wa St. Gallen, Uswisi, ni wa mwanzoni mwa karne ya 9. Hata hivyo, mwaka 1898 mtaalamu wa Kijerumani, Ludwig Traube, alionyesha kwamba huu mchanga ndio unaokaribia zaidi maneno ya mtungaji.

Hoja yake ina pande mbili. Kwanza ni nasaba. Charlemagne, aliyezuru Monte Cassino mwaka 787, aliagiza kinakiliwe kitabu kilichosemekana kuwa cha mkono wa Benedikto mwenyewe. Watawa Grimald na Tatto wakaifuata nakala hiyo neno kwa neno. Tofauti walizozikuta katika vitabu vingine wakaziweka pambizoni. Mswada 914 watokana na kazi hiyo. Pili ni lugha. Kilatini cha 914 ni kile cha karne ya 6, ambacho upatanisho wake ulikwisha kulegea. Kilatini cha Hatton kimenyoshwa na wasomi walioyaonea haya makosa.

Katika upande wa kwanza Traube aliamini kupita kiasi. Kitabu cha Monte Cassino kiliteketea Teano mwaka 896, wala hapana awezaye kuthibitisha kuwa kiliandikwa na Benedikto. Lakini upande wa pili wasimama peke yake: mnakili husahihisha kosa, ni nadra alibuni.

Hapa yanigusa mimi binafsi. Miaka iliyopita nilinukuu hadithi za mzee mmoja wa kijijini kwetu, nikazirekebisha ngeli zake zote ili zifae darasani, kisha nikaitupa karatasi ya kwanza. Mzee amekwisha fariki. Nilichobaki nacho ni Kiswahili changu, si chake.

Basi, ndugu walimu, tunapokusanya fasihi ya wazee wetu, tuandike kama tulivyosikia. Masahihisho yetu na yakae pambizoni.