Kikohozi Hakimo Kwenye Ripoti

Tasnifu yangu inahusu namna madaktari wanavyosimulia, kwa hiyo muhula huu nimekuwa nikisoma ripoti za wagonjwa kama wengine wasomavyo hadithi fupi. Zilizonikamata ni za upasuaji wa mbavu zilizovunjika, hasa pale mgonjwa anapokuwa tayari ana nimonia.

Mgogoro wake unazidi wa riwaya nyingi. Mbavu zikivunjika, kukohoa kunauma, basi mtu hakohoi. Makohozi yanabaki kifuani na maambukizi yanapata makao. Daktari akiziunganisha kwa mabamba ya titani na skrubu, mgonjwa anaweza kuvuta pumzi na kukohoa tena. Lakini bakteria wakishajishikiza kwenye chuma, kuwatoa ni kazi, na pengine chuma chenyewe hulazimika kutolewa. Ukisubiri nimonia iishe kwanza, huenda isiishe, maana zinazoizuia kuisha ni mbavu zilezile.

Hapo mwandishi angetulia. Ripoti huruka: baada ya majadiliano, mgonjwa alifanyiwa upasuaji. Nani alibisha? Nani aliogopa?

Baba yangu mdogo alianguka na bodaboda karibu na Mtabila, Kasulu, miaka michache baada ya kambi ya wakimbizi wa Burundi kufungwa mwaka 2012. Mbavu nne, kisha homa. Mabamba hayakutajwa, kwetu hayo yalikuwa mambo ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Alipewa dawa za maumivu, antibayotiki, na glovu ya kupuliza kama puto. Bibi alitaka kumfunga kifua kwa kitenge. Muuguzi akakataa: kifua kikibanwa, mapafu hayajai. Basi kitenge kikakunjwa, mama mdogo akawa anakikandamiza ubavuni.

“Kohoa, baba.”

“Siwezi.”

“Kohoa hivyo hivyo.”

Ripoti ingeandika: alipata nafuu bila upasuaji. Ni kweli, na sentensi hiyo haidanganyi wala hailii, jambo ambalo sisi waandishi wa insha hatuliwezi. Rasimu yangu ya kwanza kuhusu baba mdogo ilikuwa na machozi kurasa tatu, na hakuna mahali nilipoeleza kwa nini ilibidi akohoe. Mhadhiri aliuliza hivyo tu pembeni: kwa nini wanamtesa?

Nilimpigia mama mdogo simu kumuuliza. Alikumbuka kila kitu, hata rangi ya makohozi.