Uchungu wa Mwana Aujuaye Nani? Ulezi Bila Uzazi katika Chozi la Heri

Wahenga walituachia methali mbili zisizoelewana. Moja yasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nyingine yasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mtu akizitamka zote mbili katika harusi moja, hakuna anayeguna. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: tushike ipi? Riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2014), inalijibu swali hili, na kwa maoni yetu jibu lake linaishia njiani.

Tuanze na maudhui. Naomi amezaa watoto watatu: Umu, Dick na Mwaliko. Maisha ya mumewe, Lunga, yanapoharibika, mama anajiondokea. Baba naye anafariki. Mtumishi wa nyumbani, Sauna, anawaiba wale wadogo wawili. Basi methali ya kwanza imeshaanguka chali: mzazi yupo, uchungu hauonekani. Hata hivyo, mwandishi haturuhusu kushangilia upesi. Sauna naye ni mlezi, tena wa kulipwa, na ulezi wake ni balaa. Na huyo Sauna alibakwa na baba wa kambo, mama yake mzazi akaifunika siri. Kwa hiyo tusikimbilie kusema walezi ni malaika na wazazi ni mashetani. Kulea ni kazi, na kazi yaweza kufanywa vizuri au kuharibiwa, awe nani anayeifanya.

Upande wa pili yupo Neema. Yeye na mumewe, Mwangemi, wanampoteza mtoto wao, Bahati, kisha wanamchukua Mwaliko kutoka kituo cha watoto na kumlea kama wao. Umu naye anapata wazazi wapya, Mwangeka na Apondi, kwa msaada wa mwalimu wake mkuu. Hapa mwandishi amefaulu: undugu unajengwa kwa matendo, hauishii kwenye damu.

Kwa upande wa fani, tutazame neno moja tu. Matei anatumia "kupanga mtoto", pale ambapo msomaji wa Tanzania amezoea "kuasili". Sasa jamani, kupanga si ndiko kule kwa chumba, unalipa kodi na mwenye nyumba anabaki mwingine? Neno lenyewe linanong'ona kwamba mtoto huyu ana mwenyewe. Nalo "kuasili" linadai mtoto apewe asili mpya, kana kwamba ile ya kwanza ifutwe. Lugha yetu bado inahangaika. Mwanamke asiyezaa imemwekea majina ya "mgumba" na "tasa". Aliyezaa anaitwa Mama Fulani, na jina lake la utotoni linasahaulika. Yule anayelea bila kuzaa tumwiteje?

Udhaifu wa riwaya uko hapo hapo. Neema anaufikia ulezi baada ya msiba, yaani mtoto wa mwenzake anakuwa kifuta machozi. Mtawa anayewatunza watoto kituoni ana nadhiri zake, hivyo jamii haimuulizi kitu. Milango ya kulea bila kuzaa ni miwili tu: bahati mbaya au utawa. Yuko wapi mwanamke mzima, mwenye akili zake, ambaye hakutaka kuzaa na bado amelea? Mwalimu mkuu wa Umu angeweza kutufungulia mlango wa tatu, lakini anafanya wema wake na kupita.

Pengine mtatuambia mwanamke wa namna hiyo hayupo katika jamii yetu. Hebu tuhesabiane humu humu mabwenini: wangapi tulisomeshwa na shangazi au mama mdogo ambaye kila sikukuu aliulizwa "wako lini?", huku ada yetu ikitoka kwenye pochi yake? Yupo. Fasihi ya Kiswahili ndiyo haijampa nafasi bila kwanza kumliza. Chozi la Heri imefika karibu naye kuliko riwaya nyingi, na kwa hilo tunaipongeza. Atakayeandika inayofuata asimtafutie sababu. Amwache alee tu.