Dogiwudi na Rangi ya Majani: Chagua Mahali Kabla ya Mche

Kila Mei, vitalu vya miche vya Uingereza hupanga dogiwudi mstari wa mbele. Wakati huo majani ndiyo kwanza yamekunjuka, kingo nyeupe ni nyeupe kweli, za njano zinang'aa, na kila chungu kina kibandiko chenye picha iliyopigwa siku nzuri kuliko zote. Mnunuzi hulinganisha picha kwa picha, akachukua iliyompendeza. Ikifika Agosti, mche ule wenye madoido una kingo zilizoungua na kuwa kahawia, au umerudi kijani kitupu, na mwenyewe anaamini kauziwa mche mbovu.

Mara nyingi mche hauna kosa lolote. Dogiwudi, yaani vichaka na miti ya jenasi ya Cornus, hutoa rangi ya jani kwa njia tatu zisizofanana: ukingo mweupe, jani la njano, na wekundu wa majira ya majani kupukutika. Kila njia ina chanzo chake ndani ya jani, na kila chanzo kinadai kiasi chake cha jua na maji. Kwa hiyo mtunza bustani mzoefu huanza kwa kutazama mahali alipo napo, jina la mche likafuata baadaye.

Ukingo mweupe

Tuchukue jani la Cornus alba 'Elegantissima', kichaka kinachofika mita 3 na kilichoenea sana katika bustani za Ulaya. Katikati ni kijani chenye ukijivu, pembeni ni weupe wa maziwa. Seli za ukingo huo hazina klorofili, kwa hiyo hazijitengenezei chakula; zinalishwa na sehemu ya kijani. Chanzo chake kiko kwenye ncha ya chipukizi. Hapo seli zimekaa kwa matabaka, moja juu ya jingine, na tabaka mojawapo limepoteza uwezo wa kutengeneza klorofili wakati mengine ni mazima. Jani linapokua, tabaka hilo lenye ila ndilo linalojenga ukingo.

Ukishalielewa hilo, mengine yote yanafuata. Mche wa namna hii hauzalishwi kwa mbegu, maana mbegu haihifadhi mpangilio wa matabaka. Huzalishwa kwa vipandikizi vya matawi au kwa kubebesha. Hukua polepole kuliko nduguye wa kijani. Na mara kwa mara hutoa tawi la kijani kitupu, pale tabaka lenye ila linapoachwa nyuma. Tawi hilo lina chakula tele, hivyo huwakimbia wenzake na baada ya miaka michache limekifunika kichaka. Dawa yake ni kulikata pale linapoanzia, siku ile ile linapoonekana. Kulipunguza nusu hakusaidii, kwani machipukizi yatakayotoka chini ya mkato nayo yatakuwa ya kijani.

Kutolingana huko kwa tishu kunaonekana hata kwenye umbo. Cornus kousa 'Wolf Eyes' ina majani yenye kingo za mawimbi, kwa sababu ukingo mweupe hautanuki kwa kasi ya sehemu ya katikati, na jani likajikunja kufuata upande unaobaki nyuma. Kwa Cornus controversa 'Variegata', ule mti ambao matawi yake hutanda kwa ngazi, ngazi juu ya ngazi, jani moja laweza kuwa pana upande huu na jembamba upande ule.

Hapo ndipo suala la mahali linapoingia. Tishu nyeupe haina kinga ya kutosha dhidi ya jua kali, na inapokosa maji huanza kukauka ukingoni. 'Elegantissima' itavumilia jua la kutwa katika Uingereza yenye mawingu, mradi udongo usikauke. Miti yenye majani meupe, kama controversa 'Variegata', Cornus alternifolia 'Argentea' ya mashariki ya Amerika Kaskazini, na Cornus florida 'Cherokee Daybreak', inapendelea jua la asubuhi na kivuli baada ya saa saba mchana. Kivuli hicho hakiifichi rangi yake. Mbele ya ukuta wa kijani kizito au chini ya mwaloni uliopogolewa matawi ya chini, weupe ndio unaoonekana kwa mbali.

Jani la njano

Njano hufuata kanuni nyingine. Katika Cornus alba 'Aurea', jani zima lina klorofili kidogo, na rangi za njano ambazo jani lolote linazo zikapata nafasi ya kuonekana. Klorofili hiyo huongezeka mche ukiwekwa kivulini. Ndiyo maana 'Aurea' chini ya mti hugeuka kijani cha ndimu, kama kroton ya uani inavyopoteza rangi ikisogezwa barazani. Mwanga inauhitaji, ila jua kali juu ya udongo mkavu huiunguza. Mahali pake ni penye mwanga mwingi, udongo wenye unyevu, na kivuli chepesi saa za mchana.

'Spaethii', iliyobeba jina la kitalu cha Späth cha Berlin, hutatua tatizo hilo vizuri zaidi. Jani lake ni la kijani lenye ukingo mpana wa njano, na lina sifa ya kuhimili jua kuliko dogiwudi nyingi zenye majani ya njano. Kwa bustani iliyo wazi, isiyo na kivuli cha mti wala ukuta, hili ndilo chaguo la kwanza. Anayetaka mti badala ya kichaka atatazama Cornus florida 'Cherokee Sunset': ukingo wa njano, machipukizi mapya yenye wekundu nchani, na maua mekundu mwanzoni mwa msimu.

Wekundu wa majani kupukutika

Njia ya tatu haimo ndani ya mche siku unaponunuliwa, hutengenezwa kila mwaka. Siku zinapofupika, mti huvunja klorofili yake na kurudisha virutubisho mashinani. Wakati huo huo sukari iliyobaki kwenye jani hutumika kutengeneza anthosayanini, ile rangi nyekundu na ya zambarau. Sukari hutokana na jua la mchana, na usiku wenye ubaridi usiofikia kuganda huizuia isiondoke haraka. Mchana mweupe na usiku baridi ndio huleta wekundu mkali. Wiki ya mawingu na mvua huleta hudhurungi.

Hesabu ya mahali basi inageuka kinyume. Cornus florida na Cornus kousa za majani ya kijani zikiwekwa kivulini hufifia rangi katika majira haya, na zikipata jua la nusu siku au zaidi huwaka. Anayepanda kwa ajili ya Oktoba asifuate ushauri wa anayepanda kwa ajili ya Juni.

Vichaka vya Cornus alba na Cornus sanguinea 'Midwinter Fire' vina faida ya ziada: majani yakishaanguka, mashina yenyewe yana rangi, mekundu kwa 'Sibirica', ya chungwa hadi mekundu kwa 'Midwinter Fire'. Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge ina eneo la majira ya baridi, lililopandwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ambalo limejengwa juu ya wazo hilo. Mashina hupangwa kwa makundi pale ambapo jua la chini la Januari huyapiga.

Mkasi

Rangi ya shina iko kwenye ukuaji wa mwaka mmoja. Shina likizeeka hupauka. Kwa hiyo mwisho wa baridi, kabla ya macho kufunguka, Cornus alba iliyokomaa hukatwa hadi kubaki sentimita 5 hadi 8 juu ya kisiki, na kufikia mwisho wa kiangazi hutoa fimbo mpya zenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu. Majani ya fimbo hizo ni makubwa kuliko ya matawi ya zamani.

Hata hivyo, kukata kote huko ni mkopo, na mche hulipa kwa akiba ya mizizi. Aina za kijani kama 'Sibirica' zina uwezo wa kulipa. Zenye kingo nyeupe au njano zina kiwanda kidogo zaidi cha chakula, na 'Midwinter Fire' kwa tabia yake si mkuaji wa nguvu. Kwao ni heri kuondoa theluthi moja ya mashina, yale yaliyozeeka, kila mwaka. Mche mpya uachwe miaka miwili au mitatu ushike mizizi kwanza. Na miti, yaani florida, kousa, controversa na alternifolia, haikatwi hivyo kamwe. Uzuri wake umo katika mpangilio wa matawi, na ukikata kiungo kimoja cha ngazi, pengo linabaki miaka.

Ugonjwa unavyobadili chaguo

Katika mashariki ya Marekani kuna jambo jingine la kuzingatia. Tangu miaka ya 1970, kuvu wa Discula destructiva amekuwa akiua Cornus florida porini na bustanini. Huanza kwa madoa yenye ukingo wa zambarau kwenye majani, kisha matawi ya chini hufa, na mwisho shina lenyewe. Hushambulia zaidi mahali penye kivuli, unyevu na hewa iliyotulia. Kwa hiyo ule ushauri wa kuipa florida kivuli kingi, unaotolewa kwa ajili ya kulinda majani yake meupe, huko unaweza kuwa ndio unaouita ugonjwa. Jua la asubuhi linalokausha umande mapema ni kinga.

Cornus kousa, yenye asili ya Japani, Korea na China, huvumilia kuvu huyo vizuri zaidi. Elwin Orton wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, aliichanganya na florida na kupata chotara zinazouzwa mpaka leo, kama 'Stellar Pink'. Penye historia ya ugonjwa, kousa 'Wolf Eyes' au mojawapo ya chotara hizo ni salama kuliko florida yenye ukingo mweupe, hata kama kibandiko cha florida kina picha nzuri zaidi. Mbali na kuvu, shina nalo lilindwe dhidi ya wadudu: matandazo yakilizunguka bila kuligusa, huzuia mashine ya nyasi kulijeruhi. Kidonda cha shina ndicho mlango wa bungua wa dogiwudi.

Nani achukue ipi

Dogiwudi moja ni ya kwetu. Cornus volkensii, iliyopewa jina la Georg Volkens, mtaalamu wa mimea Mjerumani aliyefanya kazi Kilimanjaro miaka ya 1890, humea katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki. Mishipa ya jani lake hupinda kuelekea nchani kama ya ndugu zake wote. Chukua jani lolote la Cornus, lipasue taratibu kwa kulivuta, na utaona nyuzi nyembamba zikiendelea kushika vipande viwili. Lakini volkensii haipandwi kwa rangi, na zile za Siberia na Japani hazitafaa Dar es Salaam wala Mombasa. Zinahitaji majira ya baridi ili zilale na kuamka.

Kwa msomaji mwenye kiwanja mahali penye baridi hiyo, uamuzi ni mfupi. Minnesota, ambako baridi hushuka sana, florida isahaulike. Cornus alba inahimili nyuzi 40 chini ya sifuri. Penye jua la kutwa na udongo wenye unyevu, 'Spaethii'. Kivuli cha mchana na nafasi ndogo, 'Argentea'. Nafasi kubwa na subira ya miaka mingi, controversa 'Variegata'. Jua na hamu ya wekundu wa Oktoba, kousa ya kijani, isiyo na ukingo wowote. Na asiyetaka kushika mkasi kila mwaka asinunue kichaka kwa ajili ya mashina yake, kwani baada ya misimu mitano atabaki na kichaka cha kahawia na majani madogo.