Hamri Likicheka

Saa tisa za usiku, Majengo nzima imelala na baridi ya Julai imetambaa hadi uvunguni, nyanya yetu alikuwa akizungumza na unga. Alifunua leso kuukuu iliyofunika sufuria, akaubonyeza kwa kidole kimoja. Kishimo kikijaa tena taratibu, alicheka. Kisipojaa, aliurudishia leso yake na kuusogeza karibu na jiko. "Huyu leo ameamka na kiburi, mke mwenzangu," angeniambia.

Sote wasichana tulikuwa wake wenza wake, na kaka zetu wote walikuwa waume zake. Aliwadai matumizi hadharani, kila Ijumaa, mbele ya wageni.

Hamri la Nairobi lina taabu ambayo la Mombasa halina. Kule Pwani joto humfanyia mtu nusu ya kazi. Huku, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hamira huzubaa usiku kucha, na fundi lazima ajue tui liwe vuguvugu kiasi gani, sufuria ikae wapi, aamke lini. Alikanda mpaka unga ukaacha kung'ang'ania vidole. Iliki aliitwanga siku ileile. Alisukuma madonge, akayakata vipande vinne vinne, akaviacha vipumue. Kisha karai. Mafuta yasiposhika moto, hamri huyanywa. Yakizidi, huungua nje na ndani likabaki bichi. Yeye aliyapima kwa kitone cha unga tu. Alitia kipande, akakimwagia mafuta ya moto mgongoni kwa mwiko, na kipande kikavimba kama shavu la mtoto.

"Limecheka!"

Hilo lilikuwa neno lake. Lisilovimba lilikuwa limenuna, na lililonuna hakuliuza. Tulilila sisi na chai.

Alipofariki, matangani watu walimsifu kwa ucheshi kana kwamba alizaliwa nao, kama alivyozaliwa na mwanya wake. Iliniuma kidogo. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nilimwona akiufanyia kazi. Jioni kabla ya kesha la hina alikaa kitandani akiniuliza habari za mtaa: nani hasemi na nani, nani ameachwa, nani mwanawe amekosa kazi. Alikuwa akichagua wa kumtania na wa kutomgusa. Alijua wakati wa kupiga kigelegele, na wakati wa kumwachia uwanja yule mwenye haya ambaye kiuno kinamwasha kucheza lakini anangoja kubembelezwa. Mwanamke aliyefika harusini na uso mzito alimpeleka jikoni kwanza, akampa vitunguu akate. Hapo angelia atakavyo, wala hapana wa kumuuliza. Baada ya saa moja ungemkuta katikati ya chakacha, leso kiunoni.

Nadhani mtaa wenyewe ulimfunza. Majengo ilianza mapema miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotenga Pumwani kuwa makazi ya Waafrika, na watu wakajijengea wenyewe nyumba za miti na udongo. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake waliokuja mjini peke yao, wakachuma, wakajenga. Mwanahistoria Luise White ameandika habari zao katika kitabu chake cha 1990. Sasa fikiria mtu kama huyo, hana shangazi wala somo karibu, anamwoza binti. Nani atamshikia ngoma? Lazima jirani ageuke ndugu, na ndugu wa namna hiyo hutengenezwa kwa mikono, sherehe baada ya sherehe. Mombasa wanawake waliipa kazi hiyo hadhi yake: vyama vya ngoma ya lelemama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na vyeo, vikashindana kwa ngoma na karamu. Nyanya hakuwa na cheo. Alikuwa na karai, na kila mzazi wa mtaani aliyerudi kutoka hospitali ya Pumwani na kichanga mgongoni alipita mlangoni kwake kuchukua mahamri manne yasiyolipiwa.

Alizikwa Kariokor, mchana wenye jua kali, wanaume wakipokezana jeneza njia nzima. Sisi wanawake tulibaki nyumbani na masufuria.

Alfajiri ya arobaini yake, wake wenza tulikanda. Tulifuata kila kitu: tui, iliki, leso ileile. Hamri la kwanza likanuna. La pili nalo likanuna. Mama mdogo akanitoa mwiko mkononi bila neno, akalimwagia la tatu mafuta mgongoni, harakaharaka, mkono ukipinda vilevile kama wa mamake. Likainuka.

Mtoto wa jirani alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake, kama ilivyokuwa desturi yake kila siku. Yeye ndiye aliyetangulia kupiga kelele: "Limecheka!"