Nani Anatazama? Mtazamo katika Majina ya Viumbe wa Pemba

Ripoti za utafiti wa nyanjani huchukuliwa kuwa hazina ya takwimu, si matini za kuhakikiwa. Hata hivyo, jina la spishi ni usimulizi uliofupishwa mno: lina mtajaji, mtajwa na mahali pa kutazamia. Makala hii inahakiki majina machache yaliyozaliwa na utafiti wa viumbe wa Pemba, kisiwa ambacho Msitu wake wa Ngezi, kaskazini-magharibi, ni makazi ya spishi zisizopatikana kwingineko duniani. Hoja yake ni kwamba kubadili lugha ya jina si kubadili mtazamo wake.

Mfano wa kwanza ni popo mkubwa mla matunda, Pteropus voeltzkowi. Mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Alfred Voeltzkow, alisafiri Afrika Mashariki miaka 1903 hadi 1905. Paul Matschie wa makumbusho ya Berlin akamweleza popo huyo kisayansi mwaka 1909. Katika jina hilo msafiri yumo, kisiwa hakimo.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba wageni walifuta mahali na kujiandika wenyewe. Ushahidi haukubali wepesi huo. R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni, alimpa jina bundi mdogo wa kisiwani mwaka 1937 na ninga mwaka 1940. Wote wawili aliwaita pembaensis. Hapa kisiwa kimo, lakini mtajaji bado anakitazama kutoka nje.

Tafsiri ya Kiswahili, "popo wa Pemba", inarithi msimamo huohuo. A-unganifu hapa hutenganisha: humtofautisha popo huyu na wa kwingine. Utenganisho huo unamfaa msomaji aliyeko Dar es Salaam au London. Kwa mkaazi wa Wete au Micheweni hautenganishi kitu, kwa sababu popo wadogo wala wadudu nao ni wa Pemba. Maneno ni ya Kiswahili; jicho ni la mgeni.

Linganisha na "mpapindi", mti wa jamii ya minazi ambao wanasayansi waliuita pembanus. Jina la wenyeji halitaji kisiwa, wala halihitaji kukitaja. Kiambishi m- kinauweka pamoja na mkarafuu na mjoho, na shina la neno linautenga na miti mingine iliyo mbele ya macho ya msemaji. Huo ni uainishaji uliofanywa kutoka ndani.

Suala hili si la istilahi tu. Mwaka 1996 popo huyu aliorodheshwa miongoni mwa spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka, akiandamwa na uwindaji na ukataji wa misitu. Mwaka 2008 alihamishiwa daraja lenye hatari ndogo zaidi. Nafuu hiyo ilitegemea wanavijiji, kama wale wa Kidike, kukubali kumhifadhi kiumbe waliyemjua kwa muda mrefu kama kitoweo. Makubaliano ya namna hiyo hujengwa kwa lugha ya wanaokubali.

Kwa hiyo, wakuzaji wa istilahi za elimuviumbe wasianzie kwenye tafsiri ya jina la kigeni. Waanzie kwa wavuvi, wakwezi na waganga wa miti shamba, wakusanye majina pamoja na tofauti zinazotajwa nayo, ndipo wapime pengo lililobaki. Tafsiri izibe pengo hilo, isilitangulie.